Injini tatu, shafti moja: usisahau friwili

"Fundi, kidole kimoja hakivunji chawa." Hayo aliniambia mzee mmoja, mkulima wa vitunguu kule Ruaha Mbuyuni, huku akinionyesha injini tatu za pikipiki za cc 125 alizozing'oa kwenye bodaboda zilizochakaa. Alitaka zote zizungushe pampu moja ya kuvuta maji ya mto. Mafundi wenzangu walisema tunapoteza chuma. Mimi niliamini kazi ile, na bado naiamini: pistoni, plagi na ringi za injini hizo unazipata kwenye kila duka la vipuri barabarani, na ikifa moja, mbili zinaendelea na kazi.

Hilo la mwisho ndilo nililoliharibu kwa mikono yangu. Nilichomelea sproketi tatu kwenye shafti, kila injini nikaivalisha cheni yake namba 428, nikakaza. Siku ya nne plagi ya injini ya katikati ikafa. Injini iliyozimika ndani ya gia, ikiwa imefungwa hivyo, haikai pembeni kusubiri, inageuka breki. Zile mbili zikawa zinavuta pampu, na juu yake zinavuta pistoni ya mwenzao inayobana hewa bure. Cheni ikaanza kupiga, ikaruka meno, ikajikunja nyuma ya sproketi ndogo na kupasua kava ya injini. Kipande cha alumini kilichotoka kilijaa kiganja changu, na oili yote ikamwagika kwenye tope.

Kwa hiyo siku hizi nalisema kwa sauti, hata kwa fundi asiyeniuliza: ukiunga injini kadhaa bila friwili, hujapata injini tatu. Umepata injini moja yenye sehemu mara tatu za kuharibika. Kila injini lazima iweze kusukuma shafti, na ikichoka iachwe nyuma, kama pedali za baiskeli kwenye mteremko. Friwili ya baiskeli yenyewe haifai, ni nyembamba mno kwa cheni ya pikipiki. Nilimpelekea mkerezaji kipande cha chuma kigumu, akanichongea tatu nene, zenye meno ya kudaka upande mmoja tu.

Jambo la pili ni kugawana mzigo. Zikiwa gia moja na sproketi sawa, injini hizo zinazunguka mwendo mmoja, lakini si lazima zifanye kazi sawa. Ile ambayo waya wake wa mafuta umevutwa zaidi kidogo ndiyo inayobeba, nyingine zinanguruma tu. Sikio linadanganywa. Mimi nadondosha tone la maji kwenye mapezi ya kila silinda: linapokauka kwa mlio wa haraka, hapo ndipo kazi inapofanyika, na linapotambaa taratibu, hapo pana mvivu. Narekebisha waya mpaka yote matatu yakauke pamoja. Na kwa kuwa pikipiki hupozwa na upepo wa safari, injini iliyosimama ukingoni mwa mto inahitaji feni. Msibishane na hili.

Wanaodhani kuongeza injini ni kuongeza nguvu moja kwa moja wamtazame Russ Collins, Mmarekani wa mbio fupi za pikipiki miaka ya 1970. Alipanga injini tatu za Honda CB750 kwenye fremu moja, silinda 12 kwa tairi moja la nyuma. Mwaka 1976 alianguka nayo vibaya huko Akron, Ohio. Alipopona akajenga nyingine yenye injini mbili tu, na hiyo ikamaliza robo maili kwa sekunde 7.30. Tofauti ya uzito, urefu na udhibiti ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri.

Niliporudi Ruaha Mbuyuni na friwili zangu, sikumwambia mzee chochote. Pampu ilipokolea nikachomoa kofia ya plagi ya injini ya mwisho. Ikakohoa, ikanyamaza, cheni yake ikalegea na kusimama. Maji kwenye mfereji yakapungua, hayakukatika. Mzee akatazama mfereji, akatazama injini iliyolala, akaniambia nichomoe na ya pili.

"Hapana, mzee," nikamwambia. "Moja haitauweza mzigo huu. Leta kwanza bati tufunike cheni hizi, wajukuu zako wanacheza hapa."

Tulilikata bati siku ileile.