Jana alicheza mpira, leo hawezi kushika kalamu: shule imwamini?

Mpwa wangu ana sikoseli, ndo ule ugonjwa wa damu wa kurithi ambao kwenye mabango ya hospitali wanauandika selimundu, na ana barua moja ya kliniki ambayo dadangu huibeba kila mwaka kwenda kumwonyesha mwalimu mpya wa darasa. Barua imechakaa kwenye mikunjo mpaka mstari mmoja wa katikati hausomeki tena, na mstari wenyewe ndo ule unaosema mtoto anywe maji mengi na aruhusiwe kwenda choo wakati wowote. Mwaka jana mwalimu mmoja hapa Malindi alimnyang'anya chupa yake ya maji kwa sababu darasani hakuliwi wala hakunywewi, na mwalimu yule si mtu mbaya, namjua, twaswali msikiti mmoja, ila yeye hakuambiwa kitu, maana mwalimu aliyeonyeshwa barua alikuwa ashahamishwa.

Ukilitoa jambo hili la shule na watoto wagonjwa barazani watu wanagawanyika papo hapo. Hawa watasema walimu wa siku hizi hawana utu, wale watasema wazazi ndo wanadeka kuliko watoto. Mimi nimeshakaa pande zote mbili.

Nianze na walimu maana wao husemwa sana na kujibu hawajibu. Mtu ana watoto 60 mbele yake, shule haina nesi, alisomea hesabu na Kiswahili si udaktari, na akimpa mtoto dawa ikawa mbaya atasimama peke yake. Halafu watoto waongo wapo, tusidanganyane, mimi mwenyewe tumbo lilikuwa lanishika kila Jumatano kwenye dabo ya hesabu na likipoa kengele ya brek ikilia. Mwalimu aliyedanganywa hivo miaka kumi haponi, atamtilia shaka hata anayekufa.

Na wazazi wengine hawasemi. Wanaficha kabisa, mtoto ana kifafa na shule yajua siku anapoanguka paredini, hapo ndo utaona kijiko chatiwa mdomoni na mwingine anasoma ruqya na mwingine kashika simu, wakati kilichotakiwa ni alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote mdomoni, na zikipita dakika 5 hajatulia akimbizwe hospitali. Lakini nawaelewa wanaoficha. Binti akishajulikana ana ugonjwa, posa zinapungua kabla hata hajamaliza shule. Na kwa sikoseli mara nyingi lawama humwendea mama, ati kwao ndo kuna damu mbaya, ama ni jini, ama ni hasidi, na ukweli ni kwamba ugonjwa hauji mpaka baba na mama wote wawe wameubeba, na hapo kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuzaliwa nao. Na aliyebeba upande mmoja tu, yaani kwa baba tu ama kwa mama tu, si mgonjwa, tena ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali, jambo ambalo watafiti wa hapo Kilifi wamelichunguza miaka mingi. Ndo maana umejaa kwetu pwani kuliko kule juu kwenye baridi. Ni mbu hao, si hasidi.

Sasa upande wa mtoto, na hapa ndo mimi naegemea, sifichi. Shida kubwa ya magonjwa haya ni kwamba hayaonekani. Chembe nyekundu za damu za mtu mzima wa afya huishi kama siku 120, za mtoto wa sikoseli siku 10 mpaka 20 zimekwisha, zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa, na zikiziba maumivu yake mtoto anauma shuka. Ila jana yake alikuwa yuwacheza mpira! Mwalimu kamwona kwa macho yake akicheza, leo aambiwe hawezi kushika kalamu, lazima atasema huyu anajifanya. Na vitu vinavyoamsha maumivu ni kukosa maji, baridi, kuchoka kupita kiasi, homa. Haya angalia shule zetu, paredi ya nusu saa juani, mbio za kuzunguka uwanja, na akienda bodingi ndo kabisa, kuoga maji baridi alfajiri wakati wa kusi, mwezi wa sita wa saba upepo unapopuliza. Tena figo zao hazishiki maji vizuri kwahivo wanakwenda choo mara kwa mara na wengine wanakojoa kitandani wakiwa wakubwa, sasa wewe fikiria bwenini atapewa jina gani.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii. Ukimwamini mwongo, umepoteza kipindi kimoja. Ukimshuku mgonjwa waweza kumpoteza mtoto. Havilingani.

Na msiniambie mfumo hauwezi kulegea. KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, ikifika mtahiniwa aliyelazwa anapelekewa karatasi wodini, msimamizi yuko, askari yuko, anafanya kitandani, kila mwaka twaona kwenye habari. Kumbe wanajua! Ila miaka yote kabla ya hapo mtoto akichelewa asubuhi baada ya usiku wa maumivu, geti limefungwa na anapigishwa magoti nje pamoja na waliolala tu. Kiboko kimekatazwa na sheria ya elimu ya 2013, magoti sijui wanayahesabu wapi.

Lakini pia kuna kuzidisha. Kuna shule, na wazazi, wakishajua tu basi mtoto anakuwa yai, trip haendi, mpira haruhusiwi hata kidogo, anakalishwa chini ya mwarubaini na madaftari ya wenzake. Mpwa wangu alikaa hivo muhula mzima na akasema bora chupa inyang'anywe.

Ninachotaka mimi hata si kikubwa, karatasi nusu ukurasa ikae ndani ya rejista, ihame nayo kila darasa, imeandikwa anaumwa nini, nini kinauamsha ugonjwa, nani apigiwe simu, na mwenye pumu inhela yake akae nayo mfukoni isifungiwe ofisini na ufunguo uko na sekretari aliyekwenda kula. Na isomwe na wanaomfundisha tu, isisomwe paredini. Chuoni nako ustadhi aambiwe, maana mtoto akitoka shule anaingia madrasa na fimbo ya huko haijasikia habari ya sheria ya 2013.

Januari kijana anaingia shule nyingine na nyumbani kuna ugomvi, dadangu ataka walimu wote wajue, kijana mwenyewe hataki ajue mtu. Mwishowe kakubali wawili tu, mwalimu wa darasa na soja wa geti. Nikamuuliza soja wa nini, akaniambia, "Mjomba, si ndo mwenye kufunga?"