Filamu ya mapenzi kwa mama zetu: imewaona au imewapamba?

Mei 2018 mama mdogo alikuwa kwangu Maryland, amekuja kunisaidia uzazi. Alikuwa na miaka 66, mjane wa mwaka wa nne, na tangu atue Marekani hakuwa ametoka nyumbani ila kwenda dukani na kliniki. Siku moja nikamwachia mume wangu mtoto, nikampeleka mama mdogo sinema, onyesho la saa nane mchana. Niliichagua Book Club kwa sababu moja: kwenye bango walikuwepo wanawake wanne watu wazima, peke yao, na sikukumbuka lini niliona bango la namna ile.

Ukumbi ulijaa nusu, na karibu wote tulikuwa wanawake. Wengi walikuwa na mvi, wamekuja wawili wawili, watatu watatu, na sweta mkononi kwa ajili ya kile kibaridi cha ndani. Walicheka kwa sauti na kusemezana, na mmoja nyuma yetu aliitikia kila neno la Jane Fonda, mmoja wa wale wanne, kama tunavyoitikia ubeti unaotugusa. Mama mdogo, ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha, alicheka pamoja nao. Mchana ule umenirudia mara nyingi, hasa tangu Diane Keaton, mwenzake katika filamu ile, alipofariki Oktoba 2025. Filamu za aina hii zinagombaniwa. Wapo wanaosema zimewarudishia wanawake wazee heshima yao, na wapo wanaosema zinawachezea shere. Naona kila upande una haki yake, ingawa si kwa kipimo kimoja.

Kisa chenyewe ni hiki. Marafiki wanne wa California wamekuwa wakisoma kitabu pamoja kila mwezi kwa miaka mingi, mpaka Vivian anapowaletea Fifty Shades of Grey, riwaya ya mahaba wanayoionea haya kabla hata ya kuifungua. Vivian (Jane Fonda) anamiliki hoteli, hajawahi kuolewa wala hataki. Sharon (Candice Bergen) ni jaji wa mahakama ya shirikisho, ameachika zamani. Carol (Mary Steenburgen) ni mpishi ambaye mumewe amestaafu na kumsahau chumbani. Diane (Diane Keaton) amefiwa na mume mwaka mmoja uliopita. Waandishi wake, Bill Holderman na Erin Simms, wamesimulia kwamba wazo liliwajia walipowapelekea mama zao riwaya ile kuwa zawadi ya Siku ya Mama. Asili hiyo inaonekana mle ndani. Ni filamu ya watoto waliogundua kwamba mama zao nao wanaweza kusoma maneno yale na kuyafurahia.

Nianze na utetezi, kwa kuwa nami ni mmoja wa watetezi. Kwa miongo mingi sinema ya Marekani ilimpa mwanamume wa miaka 60 mpenzi wa miaka 30 bila kutoa maelezo yoyote, huku mwanamke wa umri wake akipewa nafasi ya mama wa bibi harusi. Mwaka 2003 mwongozaji Nancy Meyers alilifanya jambo hilo kuwa kisa chenyewe katika Something's Gotta Give: Jack Nicholson ni mzee anayetembea na wasichana tu, mpaka anapompenda mama wa mpenzi wake. Mama huyo ni Keaton, akiwa na miaka 57, na aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi ile. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 260 duniani. Book Club imepiga hatua nyingine. Ilipotoka, Keaton alikuwa na miaka 72 na Andy Garcia, rubani anayempenda, alikuwa na 62. Fonda alikuwa na 80, na Don Johnson alikuwa mdogo wake kwa miaka 12. Ndani ya filamu hakuna anayeshangaa wala anayedai ufafanuzi. Umri wa mwanaume umeachwa upite kimya, kama ulivyoachwa upite kimya umri wa wanawake vijana waliopewa wazee kwa muda wote ule.

Kisha kuna hesabu, na hesabu ndiyo lugha inayosikika studio. Filamu iligharimu chini ya dola milioni 15. Ilitoka wikiendi moja na Deadpool 2, filamu kubwa ya mashujaa, ikapata dola milioni 13.6 siku tatu za mwanzo. Kwa kawaida filamu za Marekani hula sehemu kubwa ya mapato yake wiki mbili za mwanzo, kisha huzimika. Hii ilimaliza na zaidi ya milioni 68 Marekani na Kanada, yaani mara tano ya ilivyoanza, na zaidi ya milioni 100 duniani. Waliokaa kwenye ukumbi kama ule wetu wanajua sababu. Mwanamke wa miaka 65 hakimbilii onyesho la Ijumaa usiku. Anangoja rafiki yake aende kwanza, amsikie kwenye simu, kisha wanapanga Jumanne mchana, wanakuja watatu na mkwe wa mmoja wao. Biashara ya wateja hawa inachelewa kuchemka lakini haipoi upesi.

Sasa lawama, na nazianza na ile ninayoiona nzito kuliko zote. Carol, amechoka kungoja, anamtilia mumewe Viagra kwenye bia bila kumwambia, naye anakamatwa na askari wa barabarani akiwa katika hali ile. Ukumbi ulivunjika mbavu. Mimi sikuweza, na hata leo siwezi. Mgeuze mume awe ndiye anayemtilia mkewe dawa kwenye kinywaji, uone kama kuna mtu atakayecheka. Mume anakasirika kweli, lakini hasira yake inafunikwa haraka ili tufike kwenye suluhu. Filamu inayodai mwanamke mzee aheshimiwe mwili na matakwa yake haikustahili kumnyima mwanaume mzee heshima hiyo hiyo.

Lawama ya pili ni ya vicheko vyenyewe. Wapinzani husema kwamba ajuza akitamka neno la kitandani watu hucheka kwa sababu ni ajuza, basi. Hapo wamepata nusu. Vivian anapozungumza tunacheka pamoja naye, kwa kuwa ulimi wake ni mwepesi na anajua anachokifanya. Lakini kwa Sharon kuna tukio la kujipaka barakoa ya uso mbele ya kompyuta, picha inajipiga yenyewe, na ndiyo hiyo inayowafikia wanaume anaotaka wamwone. Huyu ni jaji, mwanamke aliyekwishakata kesi nzito. Kumfanya asiyejua kitufe cha kompyuta ni kuchota kicheko kwenye pipa la zamani, na Candice Bergen ana uwezo wa kuchekesha bila kuchotewa humo.

Lawama ya tatu ni ya pesa na miili. Nyumba zote ni pana, nyeupe, na majiko yanang'aa. Hakuna anayehesabu pensheni wala kuogopa bili ya hospitali, na wote wanne ni Wazungu wenye uwezo. Filamu ilipokwisha, mwanamke wa mstari wa mbele yetu alitoka akishika kiti hadi kiti kwa sababu ya magoti. Kwenye skrini sikuona goti hata moja lililouma. Wanawake hawa wameruhusiwa kupenda kwa sharti kwamba wasionekane wamezeeka sana, na wasiwe masikini kabisa. Miaka sita baadaye, katika Summer Camp ya 2024, Alfre Woodard aliwekwa pamoja na Keaton na Kathy Bates, jambo jema, ila filamu yenyewe ilipita kumbini upesi.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo, Waingereza walikwisha kuonyesha. Katika The Best Exotic Marigold Hotel, ya 2011, Judi Dench ni mjane anayegundua kwamba marehemu mumewe amemwachia madeni, analazimika kuuza nyumba, na anakwenda India kwa kuwa ndiko anakoweza kumudu maisha. Kule anatafuta kazi kwenye kituo cha huduma kwa simu. Mapenzi yanakuja, vicheko vinakuja, na hofu ya pesa haikufichwa. Iligharimu takriban dola milioni 10 na kuingiza zaidi ya 130. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba watazamaji wa umri huo wanataka marumaru tu. Wanajua kodi ni nini, wameilipa miaka arobaini.

Hata hivyo, ndani ya Book Club kuna sehemu moja inayonifanya niitetee mbele ya mtu yeyote, nayo ni ya Diane na binti zake. Wanaishi Arizona na wanataka mama yao ahame, akae kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mmoja wao. Wamekwishakitayarisha. Wanamsemesha kama mtu anayeweza kuvunjika wakati wowote. Asipopokea simu wanawaita polisi wamtafute, kumbe mama yuko kwa mpenzi wake, mzima, amefurahi. Wakosoaji wengi walikipita kisa hiki haraka ili wafike kwenye utani wa riwaya. Mimi nadhani ndicho kiini. Hapa kizuizi cha mapenzi ya mwanamke mzee kimewekwa na watoto wanaompenda, na kimewekwa kwa upole.

Ndani ya gari, tukirudi, mama mdogo alikaa kimya mpaka tukafika taa za pili. Kisha akasema, "Mwanangu, wale watoto wamemweka mama yao eda ya pili."

Sisi watu wa Tanga tunajua alichokuwa akikisema. Eda ya mjane ina siku zake, miezi minne na siku kumi, na ikiisha dini inamruhusu kuolewa. Lakini mara nyingi watoto wanaendelea nayo. Na tazama jinsi tulivyo: bibi harusi akihitaji kufundwa, tunamwita kungwi au somo, mwanamke mtu mzima, kwa kuwa elimu ya chumbani iko kwake na tunakubali hivyo mbele ya kila mtu. Mwanamke huyo huyo akifiwa, akasema bado anahitaji mwenzake, tunaona haya kwa niaba yake. Elimu tunaitaka, mwenye nayo tunamtaka afunge mlango.

Alikuwa na haki ya kunisema mimi pia. Mwaka mmoja kabla, mzee mmoja, naye mjane, alipeleka posa kwa mama mdogo. Kaka zangu, watoto wake, walikataa. Walisema watamtunza wao, hatakosa kitu. Nilishiriki kikao kile kwa simu, nikasikia kila neno, na sikufungua mdomo. Niliona ni mambo ya wanaume wa nyumba ile. Ilinibidi kuona binti wawili wa kubuni wa Arizona wakitandika kitanda kwenye chumba cha chini ndipo nielewe kwamba mama mdogo hakuulizwa hata mara moja. Nilimwomba radhi palepale, gari limesimama. Akasema, "Endesha, taa imewaka."

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema filamu hizi ni peremende tu, ingawa sukari imezidi kweli. Mtu wa miaka 66 alikaa gizani na wanawake wenzake asiowajua, akaona jambo lake likisemwa, akapata neno la kulitajia. Ningependa neno hilo lingekuja katika filamu iliyo bora zaidi, bila ile bia, na yenye mwanamke mmoja anayehesabu senti. Lakini ningeingoja hiyo iliyo bora, mama mdogo angekuwa bado anaingoja pamoja nami.

Kinachonitia wasiwasi ni mwelekeo. Filamu ya pili ilitoka Mei 2023, wikiendi ya Siku ya Mama, marafiki wale wale wakiwa Italia. Ilipata takriban dola milioni 29 duniani, chini ya theluthi ya mapato ya kwanza. Ni rahisi studio kuhitimisha kwamba wanawake hawa wamekwisha. Sioni hivyo. Baada ya Uviko-19 watazamaji wazee ndio waliochelewa zaidi kurudi kwenye kumbi zilizofungwa, kwa sababu iliyo wazi kwa kila mtu. Na hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi: watoto waliwekwa kando, mandhari yakachukua nafasi yao. Februari mwaka huo huo studio ya Paramount walipotoa 80 for Brady, nayo ya wanawake wanne wazee, walikubaliana na kampuni za kumbi tiketi ziuzwe kwa bei ya mchana siku nzima, na filamu ikafika karibu dola milioni 40. Huo ndio uangalifu ninaoutaka: kujua mteja wako anakuja saa ngapi na ana kiasi gani mkobani, kisha umpe pia hadithi inayomjua kiasi hicho hicho.

Hiyo ya pili niliitazama peke yangu. Usiku nikampigia mama mdogo Tanga, nikamwamkia, akaniuliza hali ya watoto, kisha akauliza kama yule mjane aliolewa na rubani wake. Nikamwambia ndiyo, waliozeshwa hukohuko Italia.

Akanyamaza kidogo. "Na wale binti zake," akasema, "walikuwepo?"