Mgonjwa Asitiriwe, Hesabu Ifunuliwe

Anayetaka kujua watu wa zama za ukoloni waliumwa na nini, na nani aliwaonea huruma, asihangaike sana na habari kubwa za magazeti ya wakati ule. Hizo zilikuwa za gavana, meli na bei ya pamba. Asome matangazo. Mimi nimekuwa nikisoma kurasa kuukuu za Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam zilizopigwa picha na kuwekwa mtandaoni, na kila nikiziacha na kushika simu yangu hapa Malindi, ambako haipiti wiki bila ombi la mchango wa matibabu, nazidi kuamini kwamba kuna jambo wao walilipatia na sisi tumelikosea vibaya.

Kwanza dawa, maana ndizo zilizojaza kurasa. Kwa kanuni za udaktari za Uingereza, daktari aliyesajiliwa alikatazwa kujinadi. Muuza vidonge hakuwa na breki hiyo. Alipiga kelele alivyotaka: kichwa, tumbo, ini, damu, mishipa ya fahamu, vyote viliponywa na kopo moja. Chukua vidonge vya Beecham, vilivyouzwa dunia nzima kwa madai kwamba kopo moja thamani yake ni gini nzima, yaani shilingi ishirini na moja. Mwaka 1909 chama cha madaktari wa Uingereza kilivipima kikakuta shubiri, tangawizi na sabuni. Kopo la vidonge 56 liliuzwa shilingi moja na peni moja na nusu, na vilivyomo ndani viligharimu kama nusu ya robo ya peni tu. Bei ilizidi gharama ya viungo kwa zaidi ya mara mia moja.

Vidonge vya waridi vya Dr. Williams, vilivyotoka Kanada, vilikuwa na mbinu nyingine. Tangazo lake liliandikwa kama habari: mtu fulani wa kijiji fulani alikuwa hajiwezi kitandani, jamaa wamekata tamaa, akameza vidonge, akainuka. Jina lake lilikuwepo, na ugonjwa wake umeelezwa kinaganaga. Nisiwadhulumu, ndani mlikuwa na madini ya chuma, na mwenye upungufu wa damu huenda alipata nafuu ya kweli. Lakini tangazo liliahidi makubwa zaidi ya hayo. Angalieni vizuri: pale palipokuwa na kitu cha kuuzwa, mgonjwa ndiye aliyewekwa mbele.

Baadaye biashara hii ilijifunza Kiswahili. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, Baraza likaanza Nairobi mwaka 1939, na msomaji wa pwani akaanza kuambiwa kwa lugha yake anunue Aspro. Aspro ni dawa ya kweli, ni aspirini iliyotengenezwa Australia tangu mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokata ile ya Wajerumani. Hupunguza homa na maumivu. Kumuua mdudu wa malaria haiwezi. Mama wa Malindi mwenye mtoto anayechemka mwili, hospitali iko mbali na duka liko hapo mkabala, alinunua alichoweza kununua. Wapo wanaocheka wakisema wazee wetu walidanganywa kirahisi. Sioni cha kuchekesha. Vidonge vilipata soko kwa sababu zahanati haikuwepo, na serikali iliyokusanya kodi ya kichwa ndiyo iliyokuwa na wajibu wa kuijenga.

Sasa nije kwenye maombi ya hisani, ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya niandike. Waingereza walikuwa hodari wa kuchangisha kupitia gazeti. Arthur Pearson, mwenye magazeti aliyekuwa akipoteza macho yake mwenyewe, alianzisha St Dunstan's mwaka 1915 kwa ajili ya askari waliopofushwa vitani, akatumia ujuzi wake wote wa uchapishaji kuomba fedha. Kuanzia mwaka 1921 maua mekundu ya bandia yakawa yanauzwa kila Novemba kwa ajili ya askari walioumia, huko kwao na katika makoloni. Huku Kenya, katika miaka ya 1920, mke wa Gavana Grigg alianzisha jumuiya ya kujenga nyumba za uzazi, na jina la Lady Grigg bado linajulikana Mombasa na wazee waliozaliwa humo.

Ombi la namna hii lilifuatwa na orodha. Gazeti lilichapa nani katoa na katoa kiasi gani, bwana mkubwa na tajiri wa Kihindi kwa pamoja, hadi mtu wa shilingi mbili aliyejiita rafiki tu. Chini kabisa ikawekwa jumla. Wagonjwa wenyewe hawakutajwa. Waliitwa vipofu, yatima, akina mama, basi.

Sisemi kwamba watu hao walikuwa watakatifu. Orodha ilikuwa pia jukwaa la kujionyesha, na huruma yao ilikuwa na mipaka ya rangi. Mwaka 1913 na 1914 Wagiriama, wakiitikia wito wa mwanamke kiongozi wao, Mekatilili wa Menza, walikataa vijana wao kuchukuliwa kwa kazi za lazima. Serikali ikalipua kwa baruti Kaya Fungo, mahali pao patakatifu, ikataka waliovuka mto Sabaki wahame mashamba yao, ikawatoza faini ya rupia 100,000 pamoja na wanaume 1,000 wa kubeba mizigo ya jeshi. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa katika vita vile vya dunia, wengi kwa kuhara damu na malaria wala si kwa risasi. Katika kurasa nilizosoma sikuona ombi hata moja kwa ajili ya wajane wao. Hili linaniuma, na sitaki mtu anieleze kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa zamani.

Pamoja na hayo, ile orodha ilikuwa na haki moja ndani yake: fedha zilionekana na mgonjwa alisitirika. Sisi tumepindua. Ombi likiingia kwenye kundi la WhatsApp huja na picha ya mtoto kifua wazi na mipira puani, jina lake kamili, mtaa wake, wakati mwingine na barua ya daktari yenye jina la ugonjwa. Nambari ya M-Pesa ipo. Baada ya hapo kimya. Kiasi gani kimeingia, hospitali imelipwa ngapi, kilichobaki kimekwenda wapi, hakuna anayesema, na anayeuliza anaonekana mchawi.

Jirani yangu mmoja mtaani Barani binti yake alichangiwa hivyo. Binti alipona, alhamdulillahi. Lakini picha haikupona. Ilitumwa na kutumwa tena, na mwaka mzima baadaye matapeli wakaitumia na nambari nyingine kuchangisha kwa ajili ya mtoto ambaye tayari alikuwa anakwenda shule. Mama yake aliniambia, "Mwanangu ashakuwa ombaomba wa watu nisiowajua."

Najua jibu linalotolewa: bila picha watu hawatoi. Hawatoi kwa sababu wametapeliwa mno, na picha haizuii utapeli, kama tulivyoona. Kinachozuia ni hesabu na watu wa kuulizwa. Pwani hii haihitaji kufundishwa jambo hilo na mtu. Tume ya Wakfu ya kwanza ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1900, na wakfu wenyewe ulikuwepo kabla ya Mwingereza: nyumba, duka au shamba limefungwa kwa ajili ya msikiti au maskini, na mwangalizi anawajibika. Kuhusu mtoaji, Qur'ani katika Al-Baqara aya ya 271 inasema sadaka ya dhahiri ni njema, na ya siri inayopewa mafukara ni bora zaidi. Kwa hiyo hata lile jukwaa la majina hatulihitaji. Nambari za risiti zinatosha.

Ninachopendekeza kinawezekana Malindi mwezi huu huu. Kamati ya msikiti, kanisa au kikundi cha akina mama iteue watu watatu wanaoaminika, waione barua ya hospitali wao peke yao, waithibitishe kwa simu, kisha watangaze: mgonjwa wa mtaa huu, mtu mzima au mtoto, anahitaji kiasi hiki. Jina na picha vibaki kwao. Fedha zilipwe moja kwa moja hospitalini, na kila Ijumaa au Jumapili karatasi ibandikwe mlangoni ikionyesha kilichoingia, kilicholipwa na kilichobaki. Wasimamizi wa makundi nao wafute picha ya mgonjwa yeyote isiyo na idhini yake, hata kama aliyeileta ni shangazi yake. Mimi nimeshaiandikia kamati ya msikiti wetu, na nimejitolea kuiandika hiyo karatasi ya kila wiki kwa mkono wangu.