Kabla Hujaifomati Hiyo Hadi Diski

"Hii imekufa, bosi. Tuifomati tu." Fundi alisema hivyo hata kikombe cha chai hajakiweka chini, na ndani ya hiyo hadi diski zimo video zote za harusi ya mdogo wangu.

Nilikataa kwa sababu moja. Nikiichomeka kwenye tundu la eSATA (tundu la nje la kuunganishia diski) la kompyuta yangu ya mezani, mtumba wa siku nyingi, kompyuta ikiwa imewaka, kimya. Nikizima, nikawasha tena huku diski imeshachomekwa, mafaili yote haya hapa. Maiti gani hiyo inayofufuka kila kompyuta ikiwashwa upya?

Kosa lilikuwa kwenye bayosi, yaani mipangilio ya msingi ambayo kompyuta huisoma kabla ya Windows. Matundu ya SATA (njia ya kuunganishia diski, eSATA ikiwa ni ya nje) yalikuwa yamewekwa katika hali ya IDE, inayoigiza mtindo wa enzi za zile kebo pana kama utepe, ambazo hazikukusudiwa kuchomekwa umeme ukiwa unapita. Katika hali hiyo kompyuta yangu ilihesabu diski zake mara moja tu, inapowaka. Anayebisha hodi baadaye hafunguliwi. Hali inayojua kupokea mgeni wa ghafla ni AHCI, hali mpya zaidi ya SATA, na madabodi nyingi (ubao mkuu wa kompyuta) zina pia mstari wa Hot Plug, yaani kuchomeka kompyuta ikiwa imewaka, kwa kila tundu, ambao mara nyingi umeachwa umezimwa.

Hilo ndilo linaloniudhi. SATA iliundwa kwa kazi hii hii. Kiunganishi chake cha umeme kina pini 15, na baadhi ya pini za ethi (za ardhi) ni ndefu kuliko nyingine ili ziguse kwanza. Yaani kuna mtu alikaa akaufikiria mkono wako unaposukuma ile plagi, halafu mwingine akaja kuacha swichi imezimwa!

Usikurupuke lakini. Kama Windows 7 yako ilisakinishwa chini ya IDE, ukihamia AHCI moja kwa moja utakutana na skrini ya bluu. Kwanza ingia kwenye rejista (ghala la mipangilio ya Windows), tafuta msahci, ambayo ndiyo dereva ya AHCI, thamani ya Start uifanye 0, ndipo uende bayosi. Mimi nilianza na bayosi. Jioni nzima ikaishia hapo.

Kwa diski za USB habari ni nyingine, mara nyingi ni umeme. Tundu la USB 2.0 linaahidi miliampea 500, na diski ndogo ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka inaweza kutaka zaidi ya hapo. Inalia tik, tik, na watu wanaanza kuomboleza. Achana na tundu la mbele, ambalo linafika kwenye madabodi kwa kawaya kembamba, chomeka nyuma. Ile kubwa ya inchi 3.5 inahitaji volti 12, na USB ya kawaida inatoa 5, kwa hiyo usiisumbue bila adapta yake.

Kuchomoa je? Tangu toleo la 1809 la Windows 10, la mwaka 2018, mpangilio wa kawaida unaruhusu kuchomoa haraka, bila kuiaga kompyuta kwanza. Mimi bado naaga kwanza kwa kubofya alama ya kuondoa diski kule kwenye kona ya skrini, na faili likiwa katikati ya kunakiliwa siigusi kabisa.

Nilimrudia fundi nikamwonyesha: nachomeka, inatokea; naaga, nachomoa, nachomeka, inatokea. Akaitazama kwa muda. "Hiyo ya kwako," akasema, "ni ya aina tofauti."