Bosi Anataka 30

Kama kuna mwanaume ameoa pampu hapa Kisumu, ni mimi. Tunaunda mashua za faibaglasi karibu na ziwa, na kazi yangu ni kuhakikisha pampu ya vakyumu haifi. Unapanga kitambaa kwenye kalibu, unafunika na nailoni, unaziba kingo kwa utepe unaonata kama deni la dukani. Pampu inanyonya hewa iliyo ndani, hewa ya nje inakandamiza, rezini, ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, inavutwa inasambaa. Rahisi. Ndivyo asemavyo bosi, aliyejifunzia kwenye video.

Kwenye video hiyo mzungu anawasha pampu, mshale wa geji ya vakyumu unapanda hadi karibu na 30, yaani inchi za zebaki. Wangu unafika 26, unakaa kitako. Bosi anasimama nyuma yangu, mikono kiunoni: “Fundi, hizo nne zimeenda wapi?” Utadhani nimezitia mfukoni!

Nimemweleza. Mkubwa, geji haiwezi kuonyesha zaidi ya hewa iliyopo, na hewa ya Kisumu ni nyepesi, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Hizo 30 ni za watu wa pwani, na hata wao hawazifikishi kamili. Ukizidi kupanda mlima, zinazidi kupungua. Akaniangalia vile abiria anamwangalia konda anayedai hana chenji.

Akaenda kutafuta dawa mwenyewe. Akarudi na chupa ya mafuta ya pikipiki, tuyatie kwenye pampu badala ya mafuta yake. “Mafuta ni mafuta.” Aka! Hayo ya injini yametiwa madawa chungu nzima. Yakipata joto kwenye vakyumu yanatoa mvuke wake, pampu inabaki kunyonya jasho lake mwenyewe. Mshale ukashuka hadi 24. Nani alaumiwe? Mimi.

Na unyevu je? Msimu wa mvua hewa ya hapa unaweza kuikamua kama nguo. Nachungulia kidirisha cha mafuta, nakuta chai ya maziwa. Hapo nafungua ile vali ndogo ya kuingiza hewa kidogo, naiacha pampu ingurume mpaka ipate moto, maji yatoke kama mvuke. Ikikataa, nayamwaga mafuta yangali moto, maana yakipoa uchafu unabaki chini. Juzi niliyakinga kwenye kikombe. Kijana anayejifunza kazi akaniuliza kama nimeshaweka sukari.

Lakini kinachoniuma ni sufuria. Kati ya nailoni na pampu lazima pawe na chombo kisichopitisha hewa, rezini ikizidi iangukie humo. Ikifika ndani ya pampu ikaganda, hiyo si ya kukarabati tena, ni ya kuzika. Bosi akasema chombo hicho ni ghali, nitumie akili. Nikatumia akili: nikachukua presha kuka ya mke wangu, ile ya maharagwe, nikaitoboa kifuniko mara mbili. Nyumbani nikasema nimeipeleka ibadilishwe mpira. Miezi minne tunapika maharagwe kwa makaa, kutwa nzima, na mimi ndiye napuliza jiko.

Wiki jana mama watoto akaamua kuniletea chakula kazini. Akaiona chini ya meza, mabomba yamechomekwa kifuniko, ndani rezini imekuwa jiwe. Hakusema neno. Aliinama, akagonga lile jiwe kwa ukucha, ko ko ko, akabeba bakuli lake la omena na ugali wake, akaenda zake.

Nimerudi kwa pampu na njaa yangu, bosi huyo mlangoni. Ameamua. Mimi sijui kazi, pampu itapelekwa Nakuru kwa binamu yake, fundi wa kweli, akaipime huko.

Nakuru. Mita 1,850.

Nimeifunga kwenye boksi mwenyewe, vizuri kabisa, nikampigia na boda.