Sare ikiwa kabatini, mimi ni abiria

Kila nikija Tanga likizo, siku mbili kabla ya kuondoka chupa zinaanza kuingia. Mama hutangulia na mafuta ya nazi anayoyapika mwenyewe hapa Makorora: kakuna, kakamua tui, kakaa nalo motoni mpaka mafuta yajitenge. Shangazi anakuja na achari ya embe. Mjomba anashuka kutoka Handeni na asali, lita nzima. Nikisema hivi vitu havipiti kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege, jibu ni lile lile: "Wewe si mwenyewe wa ndege? Nani atakugusa?"

Mimi ni mhudumu wa ndege, mwaka wa tisa sasa. Naamini wakaguzi wanaonigusa wana haki, na ningependa ndugu zangu na wenzangu wa kazini waelewe kwa nini.

Kwanza, safari zetu za likizo zilivyo. Wengi wetu tunasafiri kwa tiketi ya wafanyakazi, ile ya kusubiri kiti kibaki. Unaweza kujua dakika za mwisho kama unaondoka au unarudi nyumbani kulala. Begi la kupakia chini linakuwa mzigo juu ya mzigo, maana ukikosa kiti lazima nalo lishushwe. Kwa hiyo tunabeba begi la mkononi tu, na begi la mkononi ndilo lenye sheria ya maji: kila chupa isizidi mililita 100, zote zikae kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha ndani, wa ujazo wa lita moja. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chupa. Chupa ya mililita 200 iliyobaki nusu haipiti. Asali, achari, siagi ya karanga, vyote vinaingia humo. (Hata katazo letu la mifuko ya plastiki la Juni 2019 liliuachia nafasi mfuko huo wa zipu wa msafiri, mradi asiutupe nchini.)

Mafuta ya nazi nayo yana jambo lake. Hapa Tanga mara nyingi ni maji, lakini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda. Mwaka fulani nilisimama kwenye ukaguzi wa uwanja mmoja wa kuunganisha ndege, na chupa ya nusu lita ya Mama imeganda nyeupe kama samli. Nikamwambia afisa haya si maji. Akaniambia kinachopakika kinahesabiwa pamoja na kinachomiminika. Nikatoa kitambulisho cha kazi. Akakitazama, akanirudishia, akaitia chupa kwenye pipa. Niliumia sana, kwa sababu niliijua kazi iliyomo ndani ya chupa ile. Lakini kosa langu halikuwa chupa. Kosa lilikuwa kile kitambulisho.

Tarehe 7 Desemba 1987, huko California, mfanyakazi wa shirika la ndege aliyekuwa amefukuzwa alitumia kitambulisho ambacho hakikuwa kimechukuliwa, akakwepa ukaguzi akiwa na bastola, akapanda ndege ya shirika la PSA, safari namba 1771. Ndege ikaanguka, wakafa watu wote 43 waliokuwamo. Ni baada ya msiba huo Marekani ikaanza kuwakagua na wafanyakazi wa ndege. Siku chache kabla yake, Novemba 29, ndege ya Korean Air namba 858 ililipuliwa ikiwa na watu 115, na sehemu ya baruti ilikuwa ya majimaji, ndani ya chupa ya pombe. Mililita 100 zenyewe zilikuja baada ya Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipowakamata watu waliopanga kulipua ndege za kuvuka Atlantiki kwa baruti ya majimaji iliyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Siku zile za mwanzo, mzazi aliyebeba maziwa ya mtoto alitakiwa ayaonje mbele ya mkaguzi.

Najua hoja ya marubani, nimeisikia mara nyingi: mtu mwenye ndege nzima mikononi mwake, shampuu yake ya nini kuinyang'anya? Akiwa kazini, hoja ina uzito. Ndiyo maana Marekani inawaondolea kikomo cha maji marubani na wahudumu waliovaa sare na wenye kitambulisho halali. Kuna nchi zisizolegeza hivyo. Lakini siku ya kazi nina ratiba, nahodha anajua niko wapi, wenzangu wameniona kwenye kikao kabla ya kuruka, na kama nina homa au nimevurugikiwa kuna mtu wa kuliona hilo mapema. Siku ya likizo hakuna anayenijua. Nimekaa kiti cha 34 na gauni langu la kitenge, na yule afisa hana namna ya kujua kama jana nimefukuzwa kazi.

Kwa hiyo linaniuma kuona mwenzangu anavaa sare siku isiyo ya zamu ili tu apitishe manukato yake makubwa. Hiyo sare tumekabidhiwa kwa ajili ya kazi. Ukiitumia kwa chupa yako, afisa anayekuamini leo atamwamini na mwingine kesho, asiyekuwa wewe.

Ninachowalaumu waajiri ni kimoja: hawatuelezi. Tunafundishwa kuzima moto na kuzalisha mama angani, lakini haki ya mhudumu aliye likizoni pale kwenye mashine tunaisikia korido kwa korido, kila mtu na hadithi yake. Karatasi moja ingetosha, pamoja na onyo kwamba kila nchi ina utaratibu wake. Kuna viwanja vyenye mashine mpya ambavyo sasa vinaruhusu chupa kubwa. Ukizoea huko, unanyang'anywa unakobadilishia ndege.

Safari hii nimekuja na chupa saba za mililita 100. Mama amezipanga mezani, anazijaza moja moja kwa faneli, na anasisitiza kila moja ifutwe isiteleze. Shangazi nimemshawishi achari tuile hapa hapa na wali. Asali ya mjomba bado iko kwenye dumu lake. Nimemwambia aitafutie mtu mwenye tiketi kamili na begi la chini, naye anamjua kijana wa Chumbageni anayeondoka mwezi ujao.