Kichocheo hakiongezi gesi

Katika daftari za shule hapa Lubumbashi, kichocheo, ile katalizeri ya Kifaransa, huelezwa kuwa kitu "kinachoupa mmenyuko nguvu", yaani badiliko la kikemia. Kumbe kinaongeza kasi yake tu. Sentensi hiyo ifutwe. Jaribio la nusu saa linaikanusha.

Famasi huuza maji ya oksijeni (hidrojeni peroksidi), dawa ya vidonda, ya "volumu 10", yaani takriban asilimia 3: lita 1 ikichanguka yote, yaani ikivunjika kuwa maji na gesi, hutoa lita 10 za oksijeni. Basi ml 5 hutoa ml 50. Zitie chupani, pitisha mrija wa seramu kwenye kizibo hadi ndani ya silinda ya ml 100 iliyojaa maji, imesimama kichwa chini ndani ya beseni. Dondosha gramu 0.5 ya manganizi dioksidi, ziba upesi, andika ujazo kila sekunde 10. Unga huo mweusi umo ndani ya mawe ya redio ya bei rahisi, umechanganyika na kaboni na chumvi. Uoshe mara kadhaa, uukaushe. Mawe ya alkalaini usiyapasue, maji yake huunguza ngozi.

Usishangae gesi ikipita ml 60. Ile 50 ni hesabu ya nyuzi 0 usawa wa bahari, na sisi tuko takriban mita 1,200 juu yake, penye joto zaidi na kanieneo ndogo ya hewa, hivyo gesi hutanuka.

Rudia kwa unga gramu 0.25. Grafu itapanda polepole, lakini itaishia palepale. Ukipunguza dawa hadi ml 2.5, ukaongeza maji ml 2.5, ndipo mwisho unashuka nusu. Unga uliochujwa na kukaushwa una uzito uleule, ukiacha chembe zilizonasa kwenye karatasi. Basi gesi yote imetoka kwenye dawa, na unga umebadili kasi tu.

Chupa ya dawa iliyokaa wazi haifiki kiwango. Dawa imeshachanguka yenyewe. Tena mmenyuko hujipasha moto, na joto huongeza kasi, kwa hiyo ukilinganisha kasi pima mteremko wa grafu wa sekunde 20 za mwanzo tu. Kamwe usizibe chupa bila mrija, na maji ya oksijeni makali ya saluni yaache hukohuko.

Wapo watakaosema kichocheo cha nini, kasi ikitakiwa "ongeza moto tu". Jibu hilo nalo halinishawishi. Asidi ya salfa inayoyeyusha shaba na kobalti ya Katanga hupitia hatua ambayo gesi ya salfa dioksidi huungana na oksijeni kuwa salfa trioksidi, ikitoa joto. Moto ukizidi, trioksidi huvunjika tena. Ukipungua, kazi hutambaa. Vanadia, yaani oksidi ya vanadi, ndiyo kichocheo kinachowezesha kasi ya kutosha kwenye nyuzi 420 hivi, na gesi hupozwa kila itokapo tabaka moja la kichocheo kabla ya kuingia jingine.